Baba Angani

São Luís, Agosti 1934

Kaka yangu Anselmo,

Natumaini hujambo huko Rio. Tulipoondoka Belém, Mama alikuwa mzima, isipokuwa goti lake.

Usitungoje bandarini. Baba amefariki.

Ndege ilipokuwa ikipasua maji ya mto ili ipae, alinishika mkono akacheka: "Deolinda, hii ni mashua au ndege? Iamue basi!" Baadaye akasema kifua kinambana, akaniegemea. Nilidhani amelala.

Mhudumu alipogundua, aliinama akaninong'oneza: "Pole sana, dada. Tafadhali usilie, abiria wataingiwa na hofu. Tunakaribia kutua."

Nikamfunika kwa shali yangu. Mama mmoja wa kiti cha mbele akageuka: "Mzee kachoka?"

"Ndiyo, kachoka."

Nikaendelea kumsimulia Baba mambo ya dirishani, mikoko na visiwa, mpaka tulipotua majini.

Tumemzika hapa, ugenini. Wewe ulimtumia tiketi ili madaktari wa huko wamtibu, na alizifurahia mno. Usijilaumu.

Mama bado hajui. Siwezi kuufungua mlango wetu peke yangu. Njoo twende wote, Anselmo.

Dada yako,
Deolinda