Ukiogopa, Regea

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Runazi. Mvua inanyesha, na mbele yangu kuna sahani ya ndizi na maharage niliyoisogeza kando. Kesho alfajiri kikundi chetu cha baiskeli kinaondoka kwenda Ngara, nami, karani niliyezoea kiti cha ofisini, nimo. Milima siiogopi, itanichosha tu. Naogopa miteremko, hasa kwa tope hili jekundu.

Leo tulifanya mazoezi kilimani. Nahodha wetu, Mama Devota, muuguzi Mhangaza mwenye utani mwingi, aliniona nasitasita akasema, "Karani, ukiogopa, regea." Nilimshukuru sana moyoni. Nikashuka kidogo, nikaogopa, nikageuza baiskeli na kuanza kuisukuma kurudi juu.

"We karani! Unakwenda wapi?"

"Si umesema nirejee, Mama?"

"Nimesema uregee! Mabega! Mikono! Umeshika usukani kama unamkaba mwizi!"

Wenzangu walicheka mpaka mmoja akaangusha baiskeli yake. Kumbe alisema "legea", kwa ulimi wa huku. Mara ya pili nililegeza mabega nikafika chini mzima.

Kesho hakuna kugeuza baiskeli. Wasalimie wote hapo nyumbani, na uniombee, Shangazi. Nitajitahidi kulegea, ili Mungu akipenda nirejee.

Mwanao,
Deus