Uwanja wa Jirani Ndio Paa Letu

Baba Shilan,

Ukirudi kutoka zizini usiingie chumba cha nyuma. ~~Chukua tu blanketi la mama~~ Hapana, liache huko huko.

Theluji si nyingi, ulisema kweli, mtaalamu wangu. Lakini kina Faraydun wa nyumba ya juu mlimani wamefagia uwanja wao wakairundika yote pembeni, juu ya chumba chetu cha nyuma. Asubuhi boriti ikalia kwa kupasuka, udongo wa paa ukamwagikia Shilan usoni kitandani. Akacheka, akidhani theluji imeingia ndani.

Yeye na mama wameshatangulia kwa dada yako. Supu iko jikoni, kainywee nje.

Mimi nakimbilia kwa Faraydun kuwaondoa watoto wake uwanjani. Nawasikia wanarukaruka huko kwenye paa, sasa wamefika sawa na meza hii ninapoandikia.

Mama Shilan