Majina Mawili Yaliyosomwa Kombani

Jumapili, 1 Machi 1964

Ratiba ile ile ya kila mwezi. Ijumaa baraza la Kwale, habari ya nusu ukurasa kwa gazeti letu. Jumamosi Kombani kwa mama. Leo kanisani, kesho Mombasa kazini. Dada yangu Rahel alibaki nyumbani na mama, kama kawaida.

Kasisi huja mara moja kwa mwezi kuleta Meza ya Bwana. Kila anayeshiriki hutia kadi yake kikapuni. Anayekosa mara tatu mfululizo husomwa jina mbele ya watu kuwa amerudi nyuma, na hapokewi tena mpaka asimame mbele atubu. Desturi ya zamani. Mzee wa kanisa aliyefariki mwaka jana alikuwa akiyaruka majina ya nyumba yetu. Aliyeshika nafasi yake, Mzee Elifaza, hakuyaruka. Leo alisoma majina mawili: la Rahel na la mama.

Mama hajatembea mwaka wa nne huu. Ubavu wa kulia umekufa. Elifaza anakaa mashamba mawili kutoka kwetu.

Nitamlipa.

Jumatatu, 2 Machi

Sikurudi Mombasa. Nimempigia mhariri simu kutoka posta ya Kwale, nikaomba likizo hadi Pasaka. Akauliza kuna nini. Nikamwambia kuna habari.

Rahel alikwisha kuambiwa jana kabla sijafika kutoka kanisani. Alikuwa akimgeuza mama. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu: je, mama akifa kabla ya kurudishwa, atazikwa na kanisa au atazikwa na sisi?

Nimeliuliza kwa watu watatu leo. Wote wanasema desturi ni kwamba hatazikwa na kanisa.

Jumanne, 3 Machi

Nimemhoji Elifaza barazani kwake. Alinikaribisha vizuri, akanipa dafu. Nimeandika neno kwa neno:

"Ulikwenda kumwona mama kabla ya kulisoma jina lake?"

"Bwana Danieli, sheria haichagui mtu."

"Ulikwenda?"

"Kadi yake haikuwamo kikapuni."

Hana aibu. Si mtu mbaya, na hilo linanikasirisha zaidi. Anadhani amefanya kazi yake.

Alhamisi, 5 Machi

Makala imefika kurasa tatu. Jina la Elifaza limo mara tisa. Siku ya Pasaka mkuu wa wilaya amealikwa kufungua jengo jipya la kanisa, na Elifaza ndiye atakayempokea. Makala itoke Jumamosi ya kabla yake. Mgeni ataisoma njiani.

Adhuhuri alikuja jirani yetu Bi Mwanasha na chupa ya mafuta ya nazi kwa ajili ya vidonda vya mgongo wa mama. Huja hivyo baada ya sala, miaka yote hii. Nilimsomea kidogo.

"Kanisa lenu lina kengele, mwanangu," akasema. "Miguu ndiyo halina."

Nimeitia kauli hiyo kwenye makala. Ameniruhusu, ila nisitaje jina lake.

Jumamosi, 7 Machi

Makala inataka ushahidi. Nimemwomba Rahel anitajie kila mtu aliyekaa na mama hata siku moja ili yeye apate kutoka. Alifikiri akimenya viazi. Bi Mwanasha. Binti yake Bi Mwanasha. Mke wa yule Mduruma mwenye mbuzi. Basi.

Hakuna mtu wa kanisa. Nilifurahi, maana ndiyo habari yenyewe.

Baadaye nikausoma tena mstari ule wa majina. Mimi simo. Miaka minne, kila mwezi, nimefika hapa Jumamosi na Jumapili nikaenda kukaa kwenye benchi la kanisa huku Rahel yuko ndani. Sikuwahi kumwambia nenda wewe.

Hasira kwa Elifaza haikupungua. Nilidhani itapungua.

Jumatatu, 9 Machi

Nimempelekea Elifaza makala. Aliisoma hadi mwisho, miwani mkononi. Nimempa sharti. Aje kesho kutwa, jua likichomoza hadi litue, afanye kazi ya Rahel. Peke yake. Akikataa, bahasha inakwenda Mombasa.

"Unanitisha, Danieli?"

"Ndiyo, mzee."

Rahel amekasirika nami. "Kaka, ukishamwaibisha ukarudi zako Mombasa, mimi ndiye nitakayeishi nao hapa." Ana haki. Sikubadilisha neno.

Jumatano, 11 Machi

Alikuja. Rahel nilimpeleka kwa Bi Mwanasha alale. Kumwogesha mama alikuja Bi Mwanasha mwenyewe, adabu ni adabu. Mengine yote yalikuwa ya Elifaza. Nilikaa kigodani na daftari.

Saa moja, uji. Nusu umemwagika kifuani. Saa mbili, kumgeuza. Hakujua pa kushika. Saa tatu mama alichafua nguo, naye akazibeba hadi kisimani akazifua mbele ya wanawake kumi. Hakuna aliyecheka. Nilitaka wacheke.

Ulimi wa mama mzima. Yeye ndiye aliyemfundisha Elifaza kusoma, utotoni. Elifaza alipokuwa akimpangusa mdomo, mama alimwambia, "Ulichelewa kujua herufi pia. Taratibu, utajua."

Alasiri Elifaza aliketi sakafuni, nguo zimelowa. Akaniuliza, "Rahel hufanya hivi kila siku?" Nikasema na usiku pia.

Nilifurahi kumwona hivyo. Naandika kwa sababu ni kweli.

Jumapili, 15 Machi

Sikutarajia. Elifaza hakusoma matangazo. Alikwenda akasimama mahali wanaposimama waliorudi nyuma, akasema jina lililostahili kusomwa ni lake. Mama mmoja wa umoja wa wanawake akauliza kwa sauti, "Sasa nani anakwenda kesho?" Mikono ikainuka. Zamu zimepangwa palepale: nyumba yetu, na nyumba nyingine mbili zenye wagonjwa ambazo sikuzijua. Kadi za wanaouguza zitafuatwa majumbani.

Jumapili haikuwa na mtu. Nimejiandikisha mimi. Nitakuja kila wiki.

Ijumaa, 27 Machi

Kasisi amekuja nyumbani na mkate na divai. Hakuwa na habari ya majina yale, maana yalisomwa Jumapili ambayo yeye hakuwapo. Mama na Rahel wameshiriki. Elifaza alisimama mlangoni, hakuingia mpaka mama alipomwita.

Sijamsamehe. Hajaniomba mimi, amewaomba wao, na wao wamemsamehe. Makala sikuituma. Nimeahidi, na ahadi yangu ina thamani. Lakini najua kila sentensi yake kwa moyo.

Jumapili, 29 Machi

Pasaka. Zamu yangu. Mvua nyepesi asubuhi.

Rahel ametoka saa mbili. Nimempa mama uji, nimemgeuza mara nne. Mara ya kwanza nilimwumiza. Bi Mwanasha alipita kumwogesha, akanionyesha pa kuweka mto.

Ibada ilimalizika saa sita, ngoma ilisikika hadi hapa. Rahel hakurudi. Saa nane hakurudi. Mama amelala mchana.

Amerudi saa kumi na moja, viatu mkononi, miguu ina mchanga wa baharini. Sikumuuliza alikokuwa.