Simu Ambayo Hatukuipiga: Mwaka Mmoja Bila Torgunn

Mwaka mmoja umetimia, Torgunn mwanangu, tangu asubuhi ile ya tarehe kumi na nane Mei ulipoanguka kwenye ngazi za nyumba yako ukafariki, ukiwa na umri wa miaka arobaini na sita. Jana yake tulikuwa wote kwenye maandamano ya sikukuu ya taifa. Ulivaa koti la buluu, ukapungia watoto wa shule mpaka mkono ukachoka.

Miaka kumi na tisa ulihudumia wazee majumbani mwao. Ulijua nani anakunywa kahawa bila maziwa, na nani hataki kuogeshwa kabla ya habari za redio. Theluji ilipozidi, uliacha gari barabarani ukapanda kilima kwa miguu, ukihema. Kila mzee ulimwachia namba yako ukimwambia, "Piga wakati wowote, hunisumbui." Wengine walipiga ili tu wasikie sauti yako, nawe ulijua.

Kuna waliosema ulitaka kupunguza uzito kwa ajili ya urembo. Hawakuona magoti yako yalivyovimba jioni, wala hawakujua kwamba kisukari kilikuwa kimeanza kukutia ganzi vidole vya miguu. Ulikuwa umejaribu kila njia. Madaktari walipokueleza kuhusu upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo, hukukimbilia. Ulinunua daftari, ukaandika maswali.

Siku ya kuonana na daktari wa nusukaputi, yule wa kukulaza usingizi wakati wa kupasuliwa, mumeo Kåre na mimi tulikusindikiza. Daktari alikuuliza kama unakoroma.

"Kidogo," ukasema.

"Kidogo!" Kåre akadakia. "Daktari, huyu akilala, trekta la jirani linaona aibu."

Tulicheka, hata daktari. Kisha akauliza kwa upole, "Je, kuna wakati pumzi inakatika?" Kåre akaacha kucheka. Akasema ndiyo, na kwamba huwa anakutikisa mpaka uvute hewa tena. Ulimgeukia ukamwambia, "Mbona hukuwahi kuniambia, wewe?" Akajibu, "Nilidhani ungeona haya."

Daktari yule hakukutia haya. Alivuta kiti karibu, akakueleza kwamba dawa ya nusukaputi hulegeza koo, na kwamba mwenye pumzi za kukatika anahitaji kuangaliwa zaidi, kabla ya upasuaji na baada ya kuzinduka. Ulipewa mashine ya kusaidia pumzi, ya kulala nayo, upasuaji ukasogezwa mbele majuma sita. Alitaja pia kuvuja kwa mshono, kutoka damu, na damu kuganda miguuni kisha kupanda mapafuni. Hayo huwapata wachache, alisema, lakini wachache hao ni watu. Uliandika yote. Ulipofunga daftari ulisema, "Sasa najua ninachokubali." Neno hilo tumelishika.

Siku ya upasuaji ulizinduka salama. Muuguzi alikuwa amekupashia blanketi moto, nawe jambo la kwanza ukamuuliza kama yeye amekula. Nyumbani ulijidunga sindano za kuzuia damu isigande, ukanywa supu kwa kijiko cha chai, ukatembea kila siku kama ulivyoagizwa. Karatasi ya hospitali uliibandika kwenye friji: mguu ukiuma au kuvimba, kifua kikibana, homa ikipanda, piga simu siku hiyo hiyo.

Siku ya maandamano ilikuwa ya kumi na moja tangu upasuaji. Nilikukuta umekaa kwenye benchi nje ya kanisa, unasugua shavu la mguu.

"Mguu una nini?"

"Umekaza tu, Mama. Leo nimetembea kama askari."

"Tupige simu?"

"Sikukuu hii? Daktari wa zamu ni mmoja, na vijana wameshaanza kulewa. Nitapiga kesho asubuhi."

Nami nikasema, "Haya, kesho basi." Ndivyo tulivyolelewa huku kwetu, na ndivyo nilivyokulea: mtu hamsumbui mwenzake siku ya sikukuu kwa sababu ya mguu.

Daktari aliyekupasua alikuja mwenyewe kutupa pole. Alikaa saa nzima na hakutazama saa yake. Alisema ilikuwa damu iliyoganda, na kwamba hata tungepiga, hakuna awezaye kuapa kwamba ungepona. Tunamshukuru kwa kusema kweli, hata ile isiyofariji.

Binti yako Sunniva alikasirika kwa muda mrefu. "Wangemwacha tu alivyokuwa!" alikuwa akisema. Mimi sikuwa nimemwambia mtu habari za benchi lile. Nilimwambia majira ya baridi, tukimenya viazi. Nilidhani atatupa kisu atoke nje. Alimenya viazi viwili zaidi, kisha akasema, "Nilimwona akichechemea, Bibi. Nilidhani ni viatu." Kåre akaja kusimama mlangoni. Akasema naye alikuona ukipanda ngazi usiku wa sikukuu umeshika ukuta.

Kumbe sote watatu tuliona, na kila mmoja alibeba peke yake. Tangu siku hiyo tunabeba pamoja. Zipo siku tunajilaumu, zipo siku hatujilaumu. Wewe hatukulaumu hata siku moja; uliikubali hatari ukiwa unaijua, kwa sababu ulitaka kuishi.

Kwa wasomaji walio na mgonjwa aliyetoka kupasuliwa: msingoje kesho.

Unakumbukwa na mumeo Kåre, binti yako Sunniva, kaka yako Øystein na jamaa yake, wazee wako wa kilimani, na mimi mama yako, Borghild. Maadamu tupo, Torgunn, hutasahaulika.