Nurdini na maiki ya Ruangwa

Raudha, mume wangu Nurdini kaaibika leo Ruangwa, hatazamiki!

Si unajua anavyojiita mwalimu wa ngoma za Wamwera? Kaja mgeni, mama mcheza ngoma wa wenyeji asilia wa Australia, anafundisha mila zao mashuleni. Akasema kwao mtu hachezi kwenye ardhi ya watu mpaka wenyewe wamkaribishe kwa lugha yao.

Nurdini akashika maiki amkaribishe. Kimwera hajui, Raudha! HAJUI! Jasho linamtoka tu.

Mara bibi yake akainuka kule nyuma, akamkaribisha mgeni kwa Kimwera mpaka mama wa watu akalia.

Na kule nyuma alikaa kwa sababu asubuhi Nurdini alimwambia, "Bibi, leo usiongee, Kiswahili chako kitatuaibisha."