Kilima cha Kupunguza Mwili

Jumatatu, 3 Juni
Kilima tena. Upepo wa mtaani kwetu Utemini asubuhi unakata masikio. Simu inasema nimechoma kalori nyingi kuliko jana barabarani, kwa muda ule ule. Kumbe kweli. Kupanda unaubeba mwili wote. Kushuka rahisi, ila magoti yanalia. Elia atafurahi. Ndiye aliyesema, "Mchumba, gauni la harusi litakutosha kweli?" Alicheka. Mimi sikucheka. Nikanunua raba.

Jumamosi, 8 Juni
Sketi zinanivuka. Fundi kapunguza gauni mara ya pili. Mama kanuna, ananisema kwa Kinyaturu, lugha yake ya hasira. Nimekula nusu chapati. Najipenda, acha niseme.

Jumamosi, 15 Juni
Wakwe walikuja kutoka Mgori. Nikapiga magoti, shikamoo kwa kila mmoja. Shangazi yake Elia akanishika mkono, hakuuachia. Akanitazama juu mpaka chini. "Mwanangu, unaumwa?"

Nikasema nakimbia kilimani nipungue. Wakatazamana. Nani Mgori anapanda kilima mbio na hakimbizi ng'ombe? Nyama ya kuku hawakuimaliza. Wameondoka mapema.

Jumatatu, 17 Juni
Elia kapiga kutoka Manyoni, kazini kwake. Sauti ndogo. Eti kwao wanaulizana nimekondeana kwa nini. Eti nikapime, ule ugonjwa. Si yeye aliyetaka nipungue? Sikulala.

Alhamisi, 20 Juni
Nimepima. Peke yangu, Elia hakupata ruhusa kazini. Sina ugonjwa wowote. Nikampigia pale pale getini pa hospitali, nacheka kama mwehu.

Yeye akasema: "Mimi nakuamini. Lakini shangazi ameshasema, na watu wameshasikia."

Nikamuuliza kama amewaambia kwamba ni yeye aliyetaka nipungue. Hajawaambia. Ameona aibu. Jamani, aibu! Mimi ndiye naitwa mgonjwa, yeye ndiye anaona aibu.

Jumamosi, 22 Juni
Mshenga wao kaja. Hakukaa hata kwenye kiti. Harusi haipo. Elia hakuja naye, hakupiga, hakuandika. Nimeshika simu mpaka chaji ikaisha. Bado nampenda, mjinga mimi. Ningekuwa namchukia ningepumzika.

Jumapili, 23 Juni
Leo ndiyo tungetangazwa kanisani. Sikwenda. Mama alikwenda, akarudi kabla ibada haijaisha. Sijui walimwambia nini, sikuuliza. Akavua kitenge kizuri, akawasha moto, akasonga ugali wa mtama, akapika mboga ya mlenda. Akanipakulia. Nikala. Akaniongezea bila kuniuliza. Nikala tena, machozi yanaingia kwenye sahani, na yeye akatazama mlangoni kama hanioni.