Kovu la Mjohoro

Pokea salamu, mwangaluka, Minza mjukuu wangu. Hapa Ipililo hatujambo. Bibi yako anapalilia pamba, na anasema labda simu yako ni ya kupokea tu.

Mjomba wako amenisomea CV yako. Unatoka kwenye kitalu cha miche, unaomba kazi ya kupogoa na kutibu miti mikubwa ya mjini, halafu unaniuliza imepungukiwa nini. Mimi nilishtuka pale ulipojisifu kwamba umepanda miti mingi. Soko huria lilipoingia, magari ya wageni wa miradi yalikuwa hayakatiki Bariadi. Watu walipanda miti, wakapiga picha, wakaondoka. Mbuzi wakaimalizia miche.

Kitalu cha ushirika nilichokitumikia kilipofungwa, nilimwendea mwenye kiwanda kipya cha kuchambua pamba, aliyetaka mtunza miti. Alinitazama kama mwizi wa ng'ombe.

"Nyie wa ushirika wote mnasema mlipanda miti," akasema.

Mimi pia sikumwamini. Hata hivyo nikampeleka Mwamapalala, kwenye mijohoro niliyoitunza kwenye josho la ng'ombe. Akaona kovu kwenye shina.

"Nani alikata hapa?"

"Mimi. Tawi liliingiwa na mchwa."

Akalipapasa kovu kwa kidole gumba. Gome lilikuwa limelifunika lote. Akaniuliza naanza lini.

Kwa hiyo andika mti ulioutibu, uliugua nini, na umesimama wapi, ili mwenye mashaka aende akauguse. Na wewe usiwaamini waajiri upesi. Kabla ya kusaini, kaangalie miti yao. Ukikuta makovu yanaoza, ondoka na CV yako.

Babu yako, Masanja